Je, selimundu ni kosa la kukata RNA?

SWALI: Kijana wangu wa kidato cha nne ameniandama. Dada yake ana selimundu, na yeye anasema badiliko la herufi za jeni, GAG kuwa GTG, limeleta GT, nayo GT ndiyo alama ya kuanza kukata RNA. Basi jeni hukatwa pasipofaa? Na haidroksiyurea anayomeza binti ndiyo inayozuia?
Mzazi, Ahero

JIBU: Mzazi mwenzangu, huyo kijana mnunulie soda baridi, swali lake lingemtoa jasho hata mwalimu. Lakini hapana.

RNA ni nakala ya jeni; kabla ya kutengeneza protini, seli hukata na kutupa introni (vipande visivyotumika) na kuunga eksoni (vipande vinavyobaki). GT zimejaa kila mahali kwenye jeni. Kama seli ingekata kila penye GT, tusingebaki na himoglobini yoyote. Wanaoamua pa kukata ni vikosi vya protini na RNA ndogo. Cha kwanza, U1, husoma herufi kama tisa hivi, na kinachokipendeza ni CAG GTAAGT (naandika kwa herufi za DNA, kwenye RNA, T huwa U). Mwisho wa eksoni ya kwanza ya jeni ya beta (mnyororo mmojawapo wa himoglobini) pana CAG GTTGGT: saba zinalingana. Penye selimundu panasomeka CCT GTGGAG. Hesabuni wenyewe hapo mezani: tatu tu. U1 hupapita.

Tena U1 haiamui peke yake. Protini za kundi la SR hukaa juu ya eksoni zikiita U1 upande mmoja na U2AF (protini inayotambua mwisho wa introni) upande wa pili, huku protini nyingine, hnRNP A1, mara nyingi ikifukuza. Zikikubaliana, huja vikosi vingine, U2, kisha U4, U5 na U6, introni ikaondolewa. Kwa mvutano huo jeni moja hutoa protini hii kwenye misuli na nyingine kwenye ubongo. Mimi hapo ndipo ninaponogewa.

Kosa analolifikiria kijana lipo, ila si kwetu sana. Himoglobini E, ya Asia ya Kusini-Mashariki, hutokana na G moja kuwa A kwenye kodoni (kundi la herufi tatu) ya 26. Palipokuwa na GTGAGG sasa pana GTAAGG. Linganisheni na GTAAGT! U1 hudanganyika, baadhi ya RNA hukatwa mapema, na beta hupungua.

Binti yako RNA yake inakatwa sawasawa. Kasoro iko kwenye protini: asidi ya glutamiki imekuwa valini. Haidroksiyurea humsaidia kwa kuinua himoglobini ya mtoto aliye tumboni, kwa hiyo asiikatize bila kliniki kusema.