Bajeti ya mwezi haitutoshi sisi tunaokula kwa korosho

Ushauri mwingi wa fedha unaozunguka kwenye simu zetu umeandikwa kwa mtu anayepokea mshahara kila mwisho wa mwezi. Anaambiwa agawe mshahara mafungu, fungu hili la chakula, fungu lile la akiba, na mwezi ukiisha aanze upya. Kwa mwenye mshahara ni ushauri mzuri. Hapa kwetu Newala, na kwa jirani zetu wa Tandahimba, Masasi, Nachingwea, Ruangwa na Liwale, katika mikoa ya Mtwara na Lindi, fedha kubwa huingia kwa mkupuo baada ya minada ya korosho, kati ya Oktoba na Januari, kisha mfuko unakaa miezi mingi ukitoa tu. Mwambie mkulima wa korosho apange bajeti ya Aprili, atakuuliza apange kwa fedha ipi.

Mimi ni mkulima, mke wangu ana genge, na daftari la nyumba tumelishika pamoja kwa misimu mingi. Wakulima wenzangu wa chama cha msingi, ushirika wetu wa kuuzia korosho, huniletea karatasi zao tujumlishe pamoja. Karibu kila mwaka nakutana na familia ambayo ukiihesabia mwaka mzima imepata faida, lakini ikifika Juni inauza korosho zikiwa bado ua. Mapato wanayo. Kinachowaangusha ni majira: fedha ilikuja Desemba, mahitaji yakaja Mei, na katikati hapakuwa na mpango wa kuifikisha.

Kwa hiyo jambo la kwanza ninalomshauri mtu ni kubadili mwaka wake wa hesabu. Usianze Januari. Anza tarehe 1 Oktoba, umalize tarehe 30 Septemba. Hapo fedha yote iliyotoka kwenye msimu mmoja unaweza kuifuata tangu inapoingia, ikilisha nyumba na kulipia palizi na salfa, dawa ya unga ya kupulizia, kwa msimu unaofuata, bila kuukata msimu wa mauzo katikati. Bajeti nayo iwe ya msimu hadi msimu, na ndani yake uigawe kwa miezi kufuatana na kazi za shamba na za nyumba zinavyokuja: Januari shule zinafunguliwa, mvua zikielekea mwisho mikorosho inataka kupaliliwa, Juni hadi Septemba ni kupuliza dawa, maana ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, haumsubiri mtu, Julai inaingia fedha ya ufuta kwa wenye ufuta, na kiangazi huku juu kwenye nyanda za Makonde maji yenyewe ni gharama, kila ndoo na bei yake. Mtu wa Lindi mjini au Mikindani huenda asiliandike fungu la maji. Sisi tuliandike.

Nichukue mfano wa familia moja ya kufikirika, tarakimu zikiwa za kufundishia tu. Wamepeleka ghalani kilo 1,500 za korosho, na baada ya makato imewabakia shilingi 2,800 kwa kilo. Hiyo ni shilingi 4,200,000. Ufuta umewapa 750,000. Genge linaingiza faida ya 60,000 kwa mwezi, sawa na 720,000 kwa mwaka. Jumla ya mapato ni 5,670,000.

Upande wa shamba: palizi 400,000, dawa, petroli ya mashine na ujira wa mpulizaji 700,000, kuokota, magunia na usafiri 400,000. Hata msimu ambao pembejeo zimekuja kwa ruzuku, petroli na ujira vinabaki juu yako, kwa hiyo usilifute fungu hilo. Jumla ya shamba ni 1,500,000. Upande wa nyumba: matumizi ya kila siku 6,000, ambayo kwa siku 365 ni 2,190,000, shule 600,000, matibabu, ukarabati wa nyumba na shughuli za ukoo 900,000. Jumla ya nyumba ni 3,690,000.

Toa 1,500,000 na 3,690,000 kwenye 5,670,000. Inabaki 480,000. Hiyo ndiyo taarifa ya mapato na matumizi, na inasema familia hii iko salama, ina ziada.

Sasa geuza ukurasa, zipange fedha hizohizo kwa miezi. Hii ndiyo taarifa ya mtiririko wa fedha, na kwa mkulima naiona kuwa na thamani kuliko zote. Malipo ya korosho, zile 4,200,000, yameingia mwanzoni mwa Desemba. Kuanzia hapo hadi mwisho wa Juni ni miezi 7. Chakula na mahitaji ya kila siku ni kama 182,500 kwa mwezi, kwa hiyo 1,277,500. Ongeza shule 600,000, palizi 400,000, dawa na kupuliza 700,000, inayotengwa yote mapema ingawa kazi inafika Septemba. Tayari ni 2,977,500. Katika zile milioni nne na ushei, fedha ambayo haijapewa kazi ni 1,222,500 tu, na ndani yake kuna matibabu, nyumba na shughuli za ukoo, 900,000. Iliyo huru kwelikweli ni 322,500.

Nimeona watu wakinyamaza kabisa wakifika kwenye tarakimu hiyo. Desemba mtu anaona milioni nne kwenye akaunti, na moyo unamwambia pikipiki inawezekana. Pikipiki haiwezekani kwa fedha hiyo. Ataichukua kwa fedha ya palizi na ya mpulizaji, na mikorosho isiyopulizwa itamlipa kidogo msimu unaofuata. Nasema hivi bila kumlaumu mtu, kwa sababu salio la benki halionyeshi majina ya mafungu. Hayo unayaandika mwenyewe kabla ya siku ya malipo, ukiwa umetulia, na siku fedha ikiingia unaitenganisha. Sisi tunaiacha fedha ya shamba kwenye akaunti yake, ya shule tunailipa mapema kadiri shule inavyokubali, na ya chakula tunaitoa kila mwezi kwa kiasi chake. Baadhi ya chakula tunanunua cha gunia palepale.

Na nusu ya pili, tukihesabu miezi 12 tangu malipo ya Desemba? Julai hadi Novemba chakula ni 912,500, kuokota na magunia 400,000, jumla 1,312,500. Ufuta na faida yote ya genge, ikiwamo iliyotunzwa tangu Desemba, vinafika 1,470,000. Wanavuka wakiwa na 157,500 mkononi. Ukiijumlisha na ile 322,500 unarudi kwenye 480,000 yetu, hesabu imefunga. Lakini ona faida ya genge ilivyo nyembamba na ilivyo muhimu: ikilika nusu ya kwanza, Oktoba hakuna cha kuwalipa waokotaji.

Hapo ndipo mnunuzi wa kangomba, anayenunua korosho kwa bei ya chini nje ya mnada, anapobisha hodi. Anakupa 100,000 mwezi wa Juni, wewe utampa kilo 100 zikikomaa. Mdomoni ni mkopo mdogo usio na riba. Kwenye daftari, kilo hizo 100 zingekupa 280,000 mnadani kwa bei ya mfano wetu. Umelipa 180,000 kwa kukaa na laki moja miezi michache. Hakuna riba ya benki wala ya kikoba inayofika huko, na hata mikopo ya kausha damu, ile ya mitaani yenye riba kali, ingejitahidi kuifikia. Mwenye kuuza ua mara nyingi haiandiki hasara hii popote, kwa kuwa hakuna shilingi iliyotoka mfukoni. Iandike. Weka mstari wake kwenye matumizi, uuite hasara ya kuuza mapema, na mwisho wa mwaka uulinganishe na riba ambayo ungelipa kwenye kikoba chako kwa fedha ileile.

Kumbukumbu zenyewe hazitaki ujuzi mkubwa. Kaunta buku moja inatosha: tarehe, maelezo, iliyoingia, iliyotoka, salio. Ila tenganisha kurasa tatu, shamba, genge na nyumba. Sukari ikitoka gengeni kuja jikoni, iandikwe kwamba nyumba imenunua kwa bei ya dukani, la sivyo genge litaonekana halizalishi kumbe linalisha watoto. Risiti za chama cha msingi ziwe na bahasha yake, maana mzigo wa wiki hii na wa wiki ijayo unaweza kuuzwa minada tofauti kwa bei tofauti. Kwenye kila risiti mimi huandika mwenyewe kilo, daraja, mnada uliouza, bei iliyotangazwa na makato, kisha malipo yakifika nalinganisha. Ikionekana tofauti, unakwenda kwa karani na karatasi mkononi, mnazungumza kwa heshima na linaisha. Bila karatasi mtaishia kubishana.

Bei ya kuweka kwenye bajeti isiwe ya matumaini. Msimu wa 2018/2019 serikali ilitangaza kununua kwa 3,300 kwa kilo, na kwa sababu ya uhakiki wa wakulima na mashamba yao, wengi walisubiri fedha hadi ndani ya 2019. Oktoba 2024 minada ya kwanza ikapita 4,000. Bei hupanda, hushuka, na malipo huweza kuchelewa. Mimi nachukua bei ya chini ya misimu ya karibuni, natoa makato, na najiuliza swali moja la ziada: malipo yakichelewa miezi miwili tutakula nini? Jibu la swali hilo ndilo akiba yangu ya dharura, na halijibiwi kwa asilimia za mtu wa mshahara.

Kuna fungu ambalo washauri wa mjini hutuambia tulifute, nalo ni la ukoo. Sipatani nao. Huku kwetu, Wamakonde, Wamakua, Wamwera na Wayao, mjomba ana wajibu kwa watoto wa dada yake, na jando na unyago vina nafasi yake. Mimi ni mjomba, siwezi kujificha siku ya ngoma, wala sitaki. Ninachofanya ni kulipatia fungu hilo jina na kiwango tangu Oktoba, na kumwambia dada yangu mapema: mwaka huu mjomba ana kiasi hiki. Dada amepanga shughuli akijua, na hakuna anayekimbilia kukopa usiku wa kuamkia sherehe.

Taarifa ya tatu ni mizania, yaani mali na madeni kwa siku moja. Nashauri uipige tarehe 30 Septemba, ukiwa mkavu kabisa, kwa kuwa Desemba kila mtu ni tajiri. Upande mmoja andika fedha taslimu, akiba ya kikoba, bidhaa za gengeni kwa bei uliyonunulia, mashine ya kupulizia, bati ambazo hazijapandishwa, mifugo, shamba kwa bei ambayo mtu angelinunua leo. Upande wa pili andika deni la duka, la kikoba, la simu, la ada, na kilo ulizokwisha kuziahidi kwa mtu, kwa bei ya mnada. Tofauti ndiyo mali yako halisi. Miche ya kubebesha, yaani iliyounganishwa, uliyopanda, irekodi pia kwa gharama uliyotumia. Mwaka huu haileti shilingi, lakini ikianza kuzaa baada ya kama miaka mitatu itakuwa kwenye shamba lako kwa miongo. Familia yenye ziada ya 480,000 iliyoipeleka kwenye miche na familia iliyoila zitaonekana sawa kwenye taarifa ya mapato. Mizania itazitofautisha.

Kazi hii ifanywe na wote wawili, baba na mama, na kijana mkubwa akiwapo akae ajumlishe. Nyumba ambayo mmoja ndiye anajua salio, mwenzake hawezi kusema hapana kwa muuzaji wa pikipiki.

Na kama unasoma hapa msimu umeshafika katikati, usingoje Oktoba. Anza leo na ukurasa wa madeni, kila deni na mwenyewe na tarehe yake, kisha hesabu miezi iliyobaki hadi mnada wa kwanza na fedha uliyonayo. Ukipata pengo, lijue sasa, ukiwa bado na muda wa kuzungumza na kikoba kabla mtu hajaja kuulizia maua.