Jibu: Mwembamba naye yumo hatarini?

Ndugu, umeuliza kama mtu mwembamba asiyevuta sigara anaweza kupata ugonjwa wa moyo. Anaweza kabisa. Presha haiangalii kitambi. Ikipimwa siku tofauti na kubaki 140/90 au zaidi, inaumiza mishipa kimyakimya, mara nyingi bila hata kichwa kuuma. Utafiti wa Framingham kule Marekani, ulioanza 1948, ulionyesha jinsi hatari zinavyojumlishana: presha, kolesteroli, sukari, sigara, umri.

Ila kinachonitia wasiwasi zaidi ni ulivyosema baba yako alishikwa na moyo akiwa na miaka 48. Kwa mwanamume, chini ya 55 ni mapema, na hilo linakuhusu wewe mwanawe. Nakusihi, pima presha, sukari na kolesteroli mwezi huu, na habari za baba umweleze daktari bila kusubiri akuulize. Chumvi isifike gramu 5 kwa siku, pamoja na ile iliyomo kwenye mkate.