Mume wangu amehamia sebuleni, anasema anatubu

*Shikamoo Shangazi. Nina ndoa ya kanisani ya miaka sita na watoto wawili. Tangu mume wangu aanze kwenda kwenye kikundi kipya cha maombi, analala kwenye godoro sebuleni. Huu ni mwezi wa nane. Anasema anajiadhibu kwa sababu tulikutana kimwili kabla ya harusi, na kwamba Wapuritani, wale Wakristo wa kweli wa Marekani ya zamani, hawakukutana na wake zao ila kwa kutafuta mtoto. Nikilia ananiambia nina tamaa. Je, mimi ndiye mwenye dhambi? – Mama Wawili, Morogoro*

Marahaba mwanangu. Huna dhambi. Kumtaka mume wako wa ndoa si aibu, na neno hilo la tamaa hukustahili kuambiwa.

Hao Wapuritani mumeo amesimuliwa vibaya. Tena yuko mmoja wao aliyefanya hichohicho anachofanya yeye, na kisa chake kiliandikwa. Boston, mwaka 1640, mji ukiwa na miaka kumi tu, James Mattock alikuwa mshirika wa Kanisa la Kwanza la hapo. Alimnyima mkewe unyumba miaka miwili mfululizo, akidai anajilipiza kisasi kwa jinsi alivyomkosea kabla hawajaoana. Kumbe ni toba ileile ya mumeo! Basi kanisa halikumwita mtakatifu. Lilimtenga, na kumnyima mkewe lilikuwa moja ya makosa aliyosomewa.

Walikuwa na sababu. Waliishika 1 Wakorintho 7 kama ilivyoandikwa: "Msinyimane isipokuwa mmepatana kwa muda, ili mpate faragha kwa kusali." Msome mumeo pale penye "mmepatana". Je, aliwahi kukuuliza kabla ya kubeba godoro? Kwao tendo la ndoa lilikuwa haki ya mke kama lilivyokuwa haki ya mume, na halikuwekwa kwa ajili ya watoto peke yake. Huko Massachusetts, koloni lao lenye mji huo wa Boston, ndoa ilifungwa na hakimu, si mchungaji, na mke ambaye mumewe hakuweza kabisa unyumba aliweza kwenda kuomba ndoa ivunjwe.

Sikuandikii haya ili uwapende. Walikuwa wakali mno. Sheria yao ya mwaka 1642 iliwapa waliozini kabla ya ndoa amri ya kuoana, faini au adhabu ya mwili. Mwaka 1644 walimnyonga Mary Latham, binti wa miaka 18 aliyeolewa na mzee, kwa kosa la uzinzi, pamoja na mwanamume aliyezini naye. Mimi kila nikikumbuka umri wake nasikia uchungu. Lakini hata watu wakali namna hiyo, wanandoa waliotangulia harusi wakikiri kanisani na kutubu, walirudishwa kundini wakaendelea kuishi kama mke na mume. Toba yao ilikuwa na mwisho. Ya mumeo itaisha lini?

Sasa fanya hivi. Zungumza naye mchana, watoto wakiwa hawapo, wala usianze na maandiko. Muulize ni nini hasa kinachomlemea. Wako wanaume ambao kisukari, presha au dawa zake zimewapunguzia nguvu, nao wakaona heri waonekane wameokoka sana kuliko kusema ukweli. Sisemi mumeo ndivyo alivyo, ila liulize kwa upole, na umwambie mtakwenda hospitali pamoja. Ikiwa ni hatia kweli inamtafuna, naye anahitaji kuonewa huruma. Usimlazimishe, wala siku akirudi chumbani asikulazimishe wewe. Unyumba hauchukuliwi kwa nguvu.

Akikataa kusema, waite wasimamizi wenu wa ndoa, kisha mwende kwa mchungaji aliyewafungisha, si kwa kiongozi wa hicho kikundi kipya. Yeye aliwasikia mkiweka nadhiri. Mweleze miezi yote minane bila kumfichia mumeo, na lile la kuitwa mwenye tamaa uliseme mumeo akiwa amekaa hapohapo, alisikie mbele ya mtu mwingine.