Maswali Yenu: IST namba D milioni 11, nilipe au niachane nayo?

SWALI: Kaka habari za kazi. Mimi ni mwalimu naishi Uyole, nina mume na watoto watatu, kila baada ya wiki mbili tunaenda kwa bibi yao Tukuyu na tumechoka kubanana kwenye Hiace. Tumejichanga pamoja na hela ya kikoba tumepata milioni 10. Kuna dalali Mwanjelwa ana IST old model namba D anataka 11, anasema ni ya 2010, imetembea kilomita elfu 78, ilikuwa ya mwanamke na haidai kitu. Ana na Passo namba E ya cc 996 anataka 8.5. Mume wangu anasema tuchukue Passo maana E ndio mpya. Hizo bei ni za haki kweli? (Mwalimu, Uyole)

JIBU: Mwalimu salama, poleni na Hiace. Nianze na shemeji, asikasirike. Ile herufi kwenye namba inakuambia gari imesajiliwa lini hapa Tanzania basi, haikuambii imetengenezwa lini Japani, kwa hiyo gari inaweza kuwa namba E na bado ni kikongwe kuliko namba D ya jirani. Na huyo dalali ameshakudanganya kimoja, maana IST ya umbo la kwanza, hiyo mnayoiita old model, ilitoka 2002 ikaisha 2007, sasa ya 2010 wameitoa wapi? Fungua boneti soma kile kibati, ukikuta NCP60 ni injini ya 1.3 na NCP61 ni 1.5, afu chasisi namba uilinganishe na ya kwenye kadi tarakimu kwa tarakimu.

Kilomita elfu 78 kwa gari ya umri huo mimi siamini, ila siwezi kukuambia mita imerudishwa nyuma bila kuiona gari. Angalia raba ya pedali ya breki, usukani na kiti cha dereva, kama pedali imelika mpaka chuma kinachungulia na dashibodi inasema 78 basi mojawapo inadanganya na sio pedali.

Sasa kati ya hizo mbili, kwa safari zenu mimi naenda na IST, ikiwa 1.5 ndio vizuri zaidi. Passo ya cc 996 ina pistoni tatu, ni gari nzuri tu ya mjini na mafuta inanusa, lakini huku kwetu juu hewa ni nyepesi na injini isiyo na turbo inapoteza kama asilimia 10 ya nguvu kila ukipanda mita 1000, sasa Uyole ushapanda karibu mita 1800, weka watu watano na ndizi za bibi halafu uanze kupanda ule mlima kutoka Kiwira kurudi Isyonje, utakuwa unakanyaga mpaka chini na bodaboda anakupita anakupungia mkono.

Jinsi ya kuikagua. Usikubali miadi ya saa nne asubuhi, nenda saa kumi na mbili, tena kipindi hiki cha baridi ndio kizuri, na kitu cha kwanza shika boneti. Ukikuta ya moto uliza kwanini imewashwa kabla hujafika, kwa sababu injini mbovu ikishapata moto inatulia na inakuwa na adabu, ubaya wake unaonekana ikiwa imelala usiku kucha. Iwashe mwenyewe, usikilize, mtu asimame nyuma aangalie moshi, wa bluu ni oili inaungua, mweupe mwepesi asubuhi ya Mbeya ni kawaida ila usipoisha baada ya injini kupata moto hapo shtuka. Kabla ya kuwasha fungua rejeta uone ndani kuna kulanti au maji ya kutu. Hii watu wanapuuza sana, hapa kwetu maji yanachemka kabla hata hayajafika nyuzi 100, kinachoyazuia ni presha ya mfuniko wa rejeta, kwahiyo gari yenye mfuniko uliochoka inaweza kuishi Dar miaka bila tatizo ikaja kuchemka huku.

Mimi nililizwa hivyohivyo. Nilinunua Spacio, nikaijaribu Mwanjelwa mpaka Soweto kwenye tambarare, nikaona nimeokota embe chini ya mnazi. Wiki ya pili tunatoka Kyela na mama mkwe na magunia mawili ya mchele, kabla ya kufika Isyonje mshale ukapanda na moshi ukatoka, tukakaa pembeni na ukungu ule karibu masaa matatu na mama mkwe hakusema neno, bora angesema.

Kwahiyo mwambie dalali mnaenda Isyonje mkiwa wanne ndani, mafuta utaweka wewe. Kupanda angalia temperecha na kama gia inateleza, yaani injini inapiga kelele mwendo hauongezeki. Kushuka weka gia ndogo, ukikanyaga breki usukani usitikisike. Akikataa, mshukuru uondoke.

Bei sasa. Bei ya tangazo ni ndoto ya muuzaji, wala sio bei. Chukua IST kama kumi za umbo lile mtandaoni, toa ya juu kabisa na ya chini kabisa, zilizobaki zikupe picha, halafu anza kutoa madhambi ya hii yako. Mfano tairi, soma zile tarakimu nne pembeni, 2317 maana yake wiki ya 23 mwaka 2017, hizo ni za kutupa hata kama kashata (yale meno ya tairi) zipo. Tuseme tairi nne laki 6, shokapu za mbele laki 2 na nusu, rejeta laki na nusu, hapo milioni moja imeshaondoka, 11 imekuwa 10 na hujaanza hata kubembeleza. Ila usitoe 10 yote, kuhamisha jina TRA kuna gharama, mwanasheria na bima vipo. Anza na 9, mwisho wako 9.4. Na usitegemee itashuka mpaka 6, kuagiza nyingine ya umri ule TRA wanakuongezea ushuru wa uchakavu juu ya forodha 25% na VAT 18%, ndio maana hizi za hapa ndani hazitaki kushuka.

SWALI: Dalali wa Tunduma anasema gari iko sawa ila kadi ipo kwa mwenye gari Dar, nilipe nusu kwanza. Nifanyeje? (Msomaji, Mafinga)

JIBU: Usilipe. Kadi orijino ikiwa haipo inaweza kuwa imewekwa dhamana ya mkopo mahali. Na Tunduma ndio njia ya magari ya IT, yaani yanayopita tu nchini kwenda Zambia, ukiuziwa hilo, halijalipiwa ushuru, TRA watalibeba ukiwa ndani. Mwenye jina kwenye kadi aje mwenyewe, msaini kwa mwanasheria, uangalie na deni la trafiki kwa namba ya gari, ndio hela itoke.