Maswali na Majibu: Mtaje Uliyemsoma

Barua nyingi tulizopokea safari hii zimetoka kwa wanafunzi walio katika hatua za mwisho za kuandika tasnifu, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa sura mbalimbali: mwandishi wa utafiti atajeje vyanzo vyake ili msomaji amwelewe na amwamini. Tumechagua barua tano. Majibu yanafuata mfumo wa kutaja vyanzo wa APA (Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani), toleo la 7 la mwaka 2019, kwa kuwa ndio waliotaja wengi wa walioandika; anayetakiwa na chuo chake kutumia mfumo mwingine aufuate huo.

Shikamoo Mwalimu. Niko mwaka wa tatu, Morogoro, na tasnifu yangu inahusu mashairi ya Muyaka bin Haji. Kila nilipomnukuu nimeandika (Muyaka, 1979), kwa kuwa huo ndio mwaka ulio kwenye kitabu nilichotumia. Msimamizi wangu amezungushia kalamu nyekundu kila mahali, lakini hakueleza kosa.

Marahaba. Kitabu ulichotumia bila shaka ni kile cha M. H. Abdulaziz, kilichochapishwa na Kenya Literature Bureau mwaka 1979. Muyaka mwenyewe alifariki dunia karibu na mwaka 1840, kwa hiyo rejeleo lako linamwambia msomaji kwamba mshairi huyo wa Mombasa alitoa kitabu zaidi ya karne moja baada ya kifo chake. Ukiacha hilo la mwaka, msomaji atakayekwenda kwenye orodha yako kutafuta kitabu chini ya jina la Muyaka hatakipata maktabani, kwa sababu huko kimeorodheshwa kwa jina la Abdulaziz.

Ninapenda nikae kidogo hapa, kwa sababu mashairi haya yana historia inayoonyesha vizuri kwa nini chanzo hutajwa kwa uangalifu. Tungo za Muyaka ziliishi vichwani mwa watu wa Mombasa kwa miaka mingi. Mwishoni mwa karne ya 19 Mwalimu Sikujua alizikusanya na kuziandika kwa hati ya Kiarabu, akishirikiana na mmishonari W. E. Taylor, na mwaka 1940 W. Hichens akatoa diwani iliyochapishwa Johannesburg. Hati ya Kiarabu, kama ilivyotumiwa kuandikia Kiswahili zamani, haikutofautisha waziwazi baadhi ya sauti zetu, mathalani "o" na "u", au "p" na "b". Kila mhariri aliyehamisha shairi kwenda hati ya Kirumi alilazimika kuamua neno lisomwe vipi. Ukijenga hoja ya ukurasa mzima juu ya neno moja la Muyaka, basi msomaji ana haki ya kujua kwamba neno hilo umelisoma kwa Abdulaziz na si kwa Hichens, maana huenda akifungua diwani ya 1940 akakuta limesomwa vingine.

Kwa hiyo, ndani ya matini andika (Muyaka, katika Abdulaziz, 1979), ukimalizia na ukurasa. Katika orodha ya marejeleo weka Abdulaziz peke yake, kwa jina lake, mwaka, jina la kitabu na mchapishaji. APA ya sasa haidai mji wa uchapishaji, lakini vyuo vingi bado vinautaka, hivyo angalia mwongozo wa idara yako. Kanuni ni hiyohiyo kwa mtaalamu yeyote uliyemkuta amenukuliwa ndani ya kitabu cha mwenzake: sema kwamba amenukuliwa na nani, na kwenye orodha umweke yule uliyemsoma. Ikiwa kazi ya asili inapatikana, itafute uisome, kwa kuwa anayenukuu huweza kukata sentensi mahali ambapo mwenyewe hakukusudia.

Ukifanya kazi juu ya tendi, taja namba ya ubeti pamoja na chapa uliyotumia. Utendi wa Mwana Kupona, kwa mfano, umechapishwa na Werner na Hichens mwaka 1934 na tena na Allen mwaka 1971, na mtu akiandika "ubeti wa 30" bila kusema ni wa chapa ipi, amempa msomaji nusu ya anwani. Utaratibu wa kutaja sehemu badala ya ukurasa unafaa pia kwa Katiba, ambayo hutajwa kwa ibara, na kwa Kurani, ambayo hutajwa kwa sura na aya.

Majina yetu ya Kiafrika na Kiislamu yananichanganya. Jina lipi litangulie kwenye orodha?

Katika APA hutangulia jina la mwisho, likifuatwa na herufi za mwanzo za mengine, kwa hiyo Shaaban Robert huwa Robert, S. Zaidi ya hapo, fuata jina kama lilivyo kwenye jalada la kazi husika, hata unapojua kwamba mtu ni yuleyule. Mwandishi wa Zanzibar anayejulikana kwa riwaya na tamthilia zake kama Said Ahmed Mohamed ametoa makala za kitaaluma kwa jina la Said A. M. Khamis. Riwaya zake zitakaa kwenye M, makala zikae kwenye K, na ikiwa jambo hilo lina uzito katika hoja yako, lieleze kwa sentensi moja ndani ya matini au kwenye tanbihi. Ndani ya matini, waandishi wakiwa watatu au zaidi, taja wa kwanza na uandike "na wenzake" tangu mara ya kwanza.

Msimamizi amenirudishia sura ya pili akisema nimeiba maandishi. Nimebadilisha maneno karibu yote, na programu ya ukaguzi imenipa asilimia sita tu. Nimeonewa?

Sidhani kwamba umeonewa. Programu ya ukaguzi hulinganisha mfuatano wa maneno, basi. Haijui wazo limetoka kwa nani. Asilimia kubwa inaweza kutokana na nukuu halali na orodha ndefu ya marejeleo, na asilimia ndogo inaweza kuficha aya nzima iliyochukuliwa kwa ujanja wa visawe.

Tuseme kitabu kinasema hivi, kwa sentensi ninayoitunga kwa ajili ya jibu hili: "Wavuvi wa pwani waliacha kutumia madema kwa sababu miti ya kuyatengenezea ilipungua na nyavu za kiwandani zikawa rahisi kupatikana." Mwanafunzi anaandika: "Wavuaji wa mwambao walikoma kutumia madema kwa kuwa miti ya kuyaundia iliadimika, na nyavu za viwandani zikapatikana bila shida." Programu haitaona kitu hapo. Msimamizi ataona mara moja, kwa sababu mpangilio wa sentensi, mfuatano wa sababu na hata mahali pa kituo ni vya mwenye kitabu. Kuongeza jina na mwaka mwishoni kunapunguza kosa lakini hakuliondoi, kwa kuwa msomaji atadhani kwamba uandishi ni wako na wazo tu ndilo la mwingine.

Sasa fikiria mwanafunzi aliyefunga kitabu akajiuliza kimedai nini, ndipo akaandika: "Mwandishi huyu anaona kwamba madema yalitoweka kutokana na mambo mawili yaliyokwenda pamoja, yaani uhaba wa malighafi na kuingia kwa nyavu za dukani. Hata hivyo, maelezo hayo hayatoshi kwa kijiji nilichotafiti, ambako miti ipo hadi leo." Katikati, baada ya sentensi ya kwanza, panawekwa jina, mwaka na ukurasa. Hapo dai la mwandishi na la mtafiti vimeachana waziwazi, na ndiyo kazi hasa ya sura ya mapitio ya maandiko. Pale maneno yenyewe yanapokuwa na uzito usioweza kusemwa vingine, yanukuu kama yalivyo ndani ya alama za mtajo, au, yakifika 40 au zaidi, yatenge katika aya yake iliyoingizwa ndani, bila alama hizo.

Nimehoji wazee wa Kilifi kuhusu nyimbo za kazi. Niwaweke kwenye orodha ya marejeleo?

Hapana. Orodha ni ya vyanzo ambavyo msomaji anaweza kuvifikia, na mazungumzo yako na mzee hayamo kabatini mwa maktaba yoyote. Maneno ya watoataarifa ni data ya utafiti wako: eleza katika sura ya mbinu uliwapataje, lini na wapi, kisha unaponukuu tumia utambulisho uliowapa, mfano "Mtoataarifa wa 3". Ila ikiwa mzee ni mtunzi wa wimbo na anataka ajulikane hivyo, mwombe ridhaa ya maandishi umtaje kwa jina. Ninaona ni dhuluma kumpa mtunzi namba ilhali wimbo ni wake.

Niliomba programu ya akili unde inisaidie marejeleo. Ilinipa kumi na mawili, lakini manne siyaoni popote. Nifanyeje?

Yaondoe leo, kabla tasnifu haijatoka mikononi mwako. Programu hizi hutunga maneno yanayoelekea kufuatana, na rejeleo lina umbo linalojirudia sana, hivyo ni rahisi kwao kuzalisha jina la mtaalamu wa kweli, jarida la kweli na mwaka unaokubalika, huku makala yenyewe haijawahi kuandikwa. Hata namba ya DOI, yaani ile ya kuitambulisha makala mtandaoni, huweza kutungwa, au ikawa ya makala nyingine kabisa.

Hayo manane uliyoyapata nayo usiyaamini kwa kuwa yapo tu. Fungua kila moja, soma ukurasa unaoutegemea, uhakikishe kwamba linasema ulichodai linasema. Kisha rudi kwenye aya zilizokuwa zimeegemea yale manne. Kama dai lilikuwa limesimama juu ya chanzo kisichokuwepo, ama lipate chanzo cha kweli ulichokisoma, ama lifutwe. Iwapo idara yako inaruhusu programu hizo, taja katika sura ya mbinu uliitumiaje. Waandalizi wa APA walitoa mwongozo wa kuzirejelea mwaka 2023, ambapo kampuni iliyotengeneza programu ndiyo inayoandikwa mahali pa mwandishi. Iwapo hairuhusu, zungumza na msimamizi wako mapema, ukiwa na orodha mpya mkononi.