Maswali yenu: kukaa na aliyebakwa bila kumharakisha

Barua za safari hii zimetoka hasa kwa wenzangu wanaopokea waliobakwa katika vyumba vya kusikiliza vya Bukavu, mashariki mwa Kongo, na vijiji vya jirani. Majina nimeyaondoa, na mambo yanayoweza kumtambulisha mtu nimeyabadilisha.

Jambo mama. Mimi ni APS, msaidizi wa kisaikolojia na kijamii, mtaa wa Bagira. Kuna mama anakuja kila Jumanne, anakaa, anajibu ndiyo na hapana, anaenda zake. Sasa ni mara ya nne. Msimamizi anataka ripoti yenye habari ya tukio lenyewe. Nimsukume aseme?

Usimsukume. Mtu asiyetaka msaada harudi mara nne. Huyo mama mwili wake uliamuliwa na watu wengine bila kuulizwa. Ukianza na wewe kumwamulia lini aseme na aseme nini, utakuwa unamwongezea yaleyale. Shirika la Afya Duniani nalo halishauri kumkalisha mtu na kumfanya asimulie yote kwa mara moja mara tu baada ya tukio.

Anza na vitu vidogo ambavyo yeye ndiye mwenye neno la mwisho. Atakaa kiti hiki au kile cha karibu na mlango? Pazia lifungwe? Ukiandika, itamsumbua? Mwonyeshe daftari na umsomee ulichoandika. Mweleze nani atalisoma faili lake, na kama kuna jambo ambalo huwezi kulificha, kama vile hatari ya kifo, alijue kabla hajafungua mdomo. Halafu uliza kuhusu leo: analala? Anakula? Nyumbani yuko na nani? Aliyemfanyia anaishi mtaa gani? Tangu vita vilipoingia Goma Januari 2025 na hapa kwetu Februari, wengi wanapishana njiani na watu wanaowaogopa. Usimwambie mtu "sasa uko salama" kama si kweli. Tafuteni pamoja atalala wapi, atapita njia gani kwenda sokoni, atamwita nani usiku.

Msimamizi muandikie hayo: amekuja, hali ya usingizi, hatari iliyopo, mliyopanga. Hiyo ni ripoti kamili.

Mimi ni muuguzi. Mtu akifika siku ileile, nianze na mazungumzo au na dawa?

Dawa, kwa maneno machache na kwa ridhaa yake. Ya kuzuia virusi vya UKIMWI ianze ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inaipunguzia nguvu. Ya kuzuia mimba inafaa hadi saa 120, nayo mapema ni bora. Kuna pia dawa za magonjwa ya zinaa, chanjo ya homa ya ini aina ya B na ya pepopunda. Kabla ya kugusa popote mweleze unachotaka kufanya, na akisema acha, uache. Aliyechelewa naye apokelewe vilevile. Yako mengi ya kumtibu.

Katikati ya maneno anapotea. Macho yanakaza ukutani, mikono inakuwa baridi, hanisikii. Nilimshika bega akaruka na kulia. Nifanyeje?

Wakati huo akilini yuko kulekule alikobakwa, na mkono wako ukawa mkono wa mwingine. Usimguse bila kumuuliza. Mwite jina lake kwa sauti ya kawaida, mwambie wewe ni nani, leo ni siku gani na mko wapi. Mwombe akanyage sakafu kwa nguvu, asikie nyayo zake. Akutajie vitu vitano anavyoviona: dirisha, kalenda, ndoo. Mpe kikombe cha maji baridi akishike. Usimwambie afumbe macho, maana kwa wengi giza ndilo linalowarudisha huko. Kupumua kwa nguvu nako kunawazidishia wengine hofu; atoe pumzi polepole, macho wazi.

Zoezi hili mfundishe mapema, siku ambayo ametulia, ili liwe lake hata akiwa peke yake usiku. Akisharudi, habari ya tukio iachwe kwa siku hiyo. Mwulize chai ataipika saa ngapi, watoto wameenda shule, na usimwache ashike barabara kabla hajajua vizuri aliko.

Mteja wangu anarudia: "Sikupiga kelele, basi nilikubali." Kila siku namwambia si kosa lako, lakini haingii.

Swali hili linaniuma, kwa sababu nalisikia karibu kila juma. Kwanza mweleze mwili unavyofanya. Hofu ikizidi na pa kukimbilia hakuna, mwili unaganda: sauti haitoki, miguu haitii. Hakuna anayechagua hilo. Huko Stockholm, katika utafiti uliotolewa 2017, wanawake 298 waliofika kliniki ndani ya mwezi mmoja baada ya kubakwa waliulizwa. 70% walieleza kuganda kwa kiwango kikubwa. Wateja wangu wanashangaa kwamba hata huko, kwenye polisi na taa za barabarani, mwili unafanya vilevile.

Pili, "si kosa lako" ni kweli, lakini ni neno lako wewe. Msaidie alifikie mwenyewe kwa maswali ambayo huna haraka ya kujibiwa. Walikuwa wangapi? Walishika nini? Ungepiga kelele, nani angesikia, nao wangefanya nini? Watoto walikuwa wapi? Mama mmoja alipofika kwenye swali la watoto alikaa kimya muda mrefu, akikunja na kukunjua ncha ya kitenge chake. Kisha akasema: "Walilala chini ya kitanda. Nilinyamaza wasiamke." Miaka yote alikuwa ameuita ukimya ule kukubali. Sikuongeza neno.

Mimi mchungaji. Nawashauri wasamehe ili wapone. Nakosea?

Mchungaji, msamaha usiwe sharti la kupona, wala usiwe njia ya familia kumaliza mambo kwa mbuzi na bia. Akitaka kusali, sali naye. Akiwa na hasira na Mungu, kaa naye hivyohivyo.

Nina diploma ya serikali tu, ile ya kumaliza sekondari, saikolojia sijasoma. Kuna wanaosema tiba ya kweli ni ya wataalamu. Ninachofanya kina faida?

Kina faida, na ushahidi umetoka hapahapa Kivu. Utafiti uliochapishwa 2013 uliwafuata wanawake walionusurika ukatili wa kingono vijijini Kivu Kusini na Kaskazini. Wengine walipata msaada wa kawaida wa mtu mmoja mmoja. Wengine walipitia tiba ya kuchambua mawazo, ile ya maswali niliyoieleza juu: kikao kimoja cha peke yake na 11 vya kikundi. Miezi sita baada ya tiba, waliokuwa bado na dalili nzito za huzuni au wasiwasi walikuwa 9% katika vikundi, na 42% katika msaada wa kawaida. Walioongoza vikundi walikuwa wasaidizi Wakongomani kama wewe, na wanawake wengi hawakujua kusoma, hivyo masomo yalishikwa kwa kichwa.

Lakini wasaidizi wale walifundishwa, kisha wakafuatiliwa na wataalamu. Dai hilo kwenye kituo chako, kwa nguvu. Na ujue pa kupeleka: anayetaka kujiua, anayesikia sauti, anayevuja mkojo. Huyo anaweza kuwa na fistula, tundu linalovujisha mkojo au kinyesi ukeni, na mara nyingi anahitaji upasuaji; atataka kujificha hata kwenye kikundi chako kwa aibu ya harufu. Hospitali ya Panzi hapa Bukavu, iliyoanzishwa na Daktari Denis Mukwege 1999, inaunganisha matibabu, ushauri, sheria na msaada wa kujitegemea kwa sababu hiyo: shida hizi haziji moja moja.

Mke wangu alibakwa akitoka shambani. Nimebaki naye, watu wananicheka. Hataki nimguse. Nitangoja mpaka lini?

Baba, nakuheshimu kwa kubaki, na nakuomba usimkumbushe kwamba umebaki. Tarehe siwezi kukupa. Naweza kukupa ya kufanya: mwite kabla ya kuingia chumbani, usimjie kwa nyuma, muache taa ikiwaka usiku akitaka. Kubalianeni kwamba kushikana mkono kutaishia kwenye mkono, na kwamba yeye ndiye atakayeanza. Akisema basi, geuka bila kununa. Pimeni virusi wote wawili, na mtumie kondomu hadi vipimo vikamilike.

Wewe mwenyewe unalala? Kama hasira inakujaa au pombe imeanza kuwa nyingi, njoo. Wanaume tunawapokea, kwa ajili ya wake zao na kwa yale waliyofanyiwa wao wenyewe. Ukiona vigumu kuongea mbele ya mwanamke, uliza kama kuna APS mwanaume.