Gereji ya Wasomaji: Hotrodi ya zamani, nini kibaki na nini kitoke

Barua za mwezi huu zimetoka kwa wasomaji wetu wa Marekani na Kanada, na zote zinahusu hotrodi. Kwa asiyeijua, hotrodi ni gari la zamani, mara nyingi Ford ya kati ya 1928 na 1940, lililovuliwa madigadi na uzito usio na kazi, likafungwa injini yenye nguvu ili likimbie. Vijana wa California walikuwa wakiyashindanisha kwenye maziwa makavu ya Muroc na El Mirage tangu kabla ya Vita Kuu ya Pili.

SWALI: Shikamooni mafundi. Nimepata Ford ya 1932 ya milango miwili iliyogeuzwa hotrodi miaka ya 1950. Ina V8 ya Ford, yaani injini ya silinda nane, ya valvu za pembeni, breki za mafuta za Ford ya 1940, na rangi ya wakati ule ule. Rafiki mmoja ananiambia nisiguse kitu. Mwingine anataka niweke kila kitu kipya chini ya bodi. Nimsikilize nani? (Msomaji, Columbus, Ohio)

JIBU: Marahaba. Gari lako limezaliwa mara mbili. Kiwandani mwaka 1932 lilitoka na breki za fimbo na V8 ya nguvu farasi 65. Miaka ya 1950 fundi mwingine akalizaa upya, na uasilia unaopaswa kuulinda ni wa uzazi huo wa pili. Ukilirudisha lilivyotoka kiwandani umefuta kazi yake, na kazi hiyo ina heshima yake sasa: maonyesho ya Pebble Beach, ambako magari ya kifahari ya zamani hushindanishwa, yalifungua daraja la hotrodi za kihistoria mwaka 1997.

Mgawanyo wetu ni huu. Kinachoonekana ukiwa umesimama kando ya gari, kiache. Kinachosimamisha gari, kinacholigeuza, kinachobeba petroli na kinachobeba umeme kiwe cha kuaminika, hata kama itabidi kibadilike. Kila badiliko liweze kurudishwa nyuma: tumia matundu ya bolti yaliyopo, usitoboe mapya kwenye fremu, na kila kifaa unachotoa kifungie kwenye mfuko wenye karatasi ya jina na tarehe. Mtu atakayelinunua baada yako atakushukuru kwa mifuko hiyo kuliko kwa rangi inayong'aa. Halafu kuna namba iliyogongwa juu ya bimu ya kushoto ya fremu. Usiisage, usiichomelee, usiipige mchanga. Ikipotea, kuthibitisha kuwa gari ni lako kutakuwa kazi ngumu.

Pesa yako ianzie kwenye breki. Ngoma za breki za Ford za 1939 hadi 1948 zina kipenyo cha inchi 12, na kwa gari jepesi kama hili zinatosha kabisa, mradi zimo ndani ya kipimo. Pima kipenyo cha ndani: ikizidi inchi 12.060, tupa. Ngoma iliyosagwa ikawa nyembamba hupanuka kwa joto, na pedali inazama ukiwa katikati ya mteremko. Brek shuu mpya zisagwe zifuate mviringo wa ngoma zako. Zikigusa sehemu ndogo tu, gari litavuta upande mmoja nawe utahangaika na usukani usio na kosa. Ukifungua ngoma usipulize vumbi kwa kompresa, maana brek shuu za zamani zina asbesto. Lowesha kwa maji ya sabuni, futa kwa kitambaa, kitambaa hicho kitie kwenye mfuko ufunge.

Udhaifu mkubwa wa breki hizo ni masta silinda, yaani pampu kuu ya mafuta ya breki, ya njia moja. Bomba moja likipasuka, magurudumu yote manne yanakosa breki kwa wakati mmoja. Hapa hatuna mjadala: weka masta silinda ya njia mbili, moja kwa magurudumu ya mbele na nyingine kwa ya nyuma. Yenye kipenyo cha inchi 1 hufaa ngoma nne, inakaa chini ya sakafu palepale pa zamani, na hakuna mtu atakayeiona. Kwa kuwa iko chini kuliko silinda za magurudumu, kila njia inahitaji vali ndogo ya kubakiza mgandamizo wa paundi 10 kwa inchi ya mraba. Isipokuwepo, mafuta hurudi, silinda za magurudumu zinavuta upepo, na pedali inashuka mara ya kwanza ukikanyaga kisha inapanda mara ya pili. Angalia kwanza kama masta silinda yenyewe haina vali hiyo kwa ndani, usije ukaweka mbili. Na siku ukifunga breki za diski, vali yake ni ya paundi 2. Ya paundi 10 kwenye diski huifanya ishike muda wote mpaka iungue.

Kosa tunaloliona mara nyingi kuliko yote ni fimbo ya pedali kubana pistoni. Acha nafasi ya inchi 1/16, yaani milimita moja na nusu hivi, kati ya fimbo na pistoni, pedali ikiwa imerudi juu kabisa. Bila nafasi hiyo, tundu dogo la kurudishia mafuta linabaki limezibwa. Mafuta yakipata joto yanapanuka, hayana pa kwenda, na breki zinaanza kushika zenyewe barabarani. Dereva anasimama, zinapoa, zinaachia, anaondoka, zinashika tena. Watu wamebadilisha silinda zote nne kwa tatizo linalorekebishwa kwa spana moja.

Mabomba yawe ya chuma ya inchi 3/16, midomo yake ikunjwe mara mbili. Usitumie shaba tupu wala viungo vya kubana vya mabomba ya maji. Mipira ya zamani ibadilishe hata ikionekana mizima, kwa sababu huvimba kwa ndani na kugeuka mlango wa upande mmoja: mafuta yanaingia, hayarudi. Toa upepo ukianza gurudumu la nyuma kulia, kisha nyuma kushoto, mbele kulia, mbele kushoto. Ukimaliza, kanyaga pedali kwa nguvu na uishikilie dakika nzima. Ikizama hata kidogo, kuna mahali panavuja, na gari lisitoke. Chunga pia rangi yako: tone la mafuta ya breki ya daraja la DOT 3 likiachwa linaila rangi ya zamani mpaka kwenye bati. DOT 5 ya silikoni hailii rangi, ila usiichanganye kamwe na DOT 3.

SWALI: Hotrodi yangu ikifika maili 45 kwa saa na kupita kwenye shimo, magurudumu ya mbele yanatikisika vibaya mpaka nipunguze mwendo karibu kusimama. Fundi ameshauri nifunge shokapu ya usukani. Itasaidia? (Msomaji, Houston, Texas)

JIBU: Itaficha ugonjwa, na ugonjwa utaendelea kula. Ekseli nzima ya mbele ikitikisika namna hiyo, kwa kawaida vimejumlika vitu viwili au vitatu vilivyolegea.

Pandisha ekseli kwa jeki, weka stendi chini yake. Shika tairi juu na chini, litikise. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki kisha tikisa tena. Mchezo ukiisha, beringi ya gurudumu imelegea. Ukibaki, kingpini, yaani pini ambayo gurudumu hugeukia, imekwisha. Bushi mpya za kingpini zitanuliwe kwa rima ndefu (kifaa cha kusawazisha tundu) inayopita bushi ya juu na ya chini kwa mkupuo mmoja ili zinyooke. Kila moja ikitanuliwa peke yake zinapishana, usukani unakuwa mgumu, na baada ya muda mfupi zimeliwa upande mmoja.

Kisha pima mwinamo wa kingpini kwenda nyuma. Kwa ekseli hizi tunataka digrii 5 hadi 7. Hapo ndipo hotrodi nyingi huharibika, kwa sababu aliyeshusha mbele na kukata ule mkono wa asili wenye umbo la V unaoshikilia ekseli ili aufunge kwenye fremu hakupima tena. Magurudumu yaelekeane kwa ndani inchi 1/16 hadi 1/8 upande wa mbele. Matairi ya mbele yawe pacha kwa aina na umri. Yale ya nyuzi za mshazari yanapendeza kwenye gari la miaka ya 1950, lakini hufuata kila mfereji wa barabara. Siku hizi yapo ya radiali, yaani ya kisasa, yaliyoundwa yafanane nayo, na kwa anayesafiri barabara kuu sisi tunayapendelea. Soma tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT ubavuni: 2314 ni wiki ya 23 ya mwaka 2014. Tairi la umri huo halifai hata kama kashata zake ni nzima.

Jambo moja zaidi. Vifaa vya usukani vya hotrodi za zamani mara nyingi vilipashwa moto vikapindwa, au vikapakwa kromu. Moto huua ugumu wa chuma. Kromu, kifaa kisipookwa mara baada ya kupakwa, huacha haidrojeni ndani na chuma kinakuwa dhaifu kama kigae. Mikono ya usukani na ngumi za magurudumu (vipande vinavyoshika magurudumu kwenye ncha za ekseli) zipeleke zikapimwe nyufa kwa sumaku na unga wa chuma. Ufa ambao jicho halikuuona utatokea kama mstari mwembamba mweusi, kwa kawaida pale kwenye kona mkono unapoungana na shina lake.

SWALI: Nibadilishe umeme wa volti 6 kuwa 12? Gari linawaka kwa shida. (Msomaji, Minneapolis, Minnesota)

JIBU: Pengine huna tatizo la volti. Kwa nguvu ile ile ya umeme, volti 6 hupitisha ampea mara mbili ya volti 12: taa ya wati 35 hula karibu ampea 6 badala ya 3. Kwa hiyo nyaya lazima ziwe nene. Kebo nyembamba ya betri ya gari la kisasa ndiyo inayoichosha stata ya Ford ya zamani. Funga kebo nene, za unene wa namba 1/0 au 2/0, safisha chuma mpaka king'ae pale ethi inapofungwa, na weka ethi nyingine kutoka injini kwenda kwenye fremu. Kumbuka Ford hizo hufunga ethi upande wa chanya, mpaka ya 1955. Ukinunua balbu za LED, uliza kwanza kama zinakubali hivyo, la sivyo hazitawaka au zitaungua.

Nyaya zenye ganda la pamba lililopasuka zing'oe zote, usizifunge utepe. Zipo mpya zenye plastiki ndani na kitambaa kile kile juu, kwa hiyo mwonekano haupotei. Hotrodi nyingi hazina fyuzi za maana. Weka fyuzi kuu karibu na betri na swichi ya kukata umeme wote mahali mkono wako unapofika ukiwa umekaa. Shoti ndogo karibu na petroli haikupi nafasi ya pili.

SWALI: Tangi la Ford Model A yangu liko mbele ya kioo, juu ya magoti yangu. Nilitoe? (Msomaji, Phoenix, Arizona)

JIBU: Usilikate, kwa sababu tangi hilo ni sehemu ya mwili wa gari pale mbele na linashikilia bodi. Likaushe kabisa, liache tupu, funga tangi dogo nyuma kati ya bimu za fremu. Mipira ya petroli iwe ya daraja la SAE 30R9, maana ya zamani inalainishwa na ethanoli.

SWALI: Mume wangu anataka kunichukua mimi na watoto kwenye hotrodi ya 1934 isiyo na mikanda. Ifungwe wapi? (Mama wa watoto wawili, Toronto)

JIBU: Dada, ifungwe kwenye fremu au kwenye bomba la chuma lililoungwa na fremu, kamwe si kwenye bati la sakafu wala mbao za bodi. Bolti ziwe za mikanda, inchi 7/16 zenye nyuzi nyembamba, na kila moja iwe na bamba la chuma la inchi 3 kwa 3 nyuma yake. Mkanda wa bega ushikizwe nyuma kwenye usawa wa bega. Ukishushwa ukafungwa sakafuni nyuma ya kiti, gari likigonga unavuta mabega chini na kubana uti wa mgongo. Kiti chenyewe kifungwe, kwa sababu vingi vya zamani vimewekwa tu. Watoto wanaohitaji kiti cha mtoto wasipande gari hili. Tunalisema bila kusita.

SWALI: Rangi yangu ya 1951 imepauka. Nipake upya? (Msomaji, Columbus, Ohio, kwa mara ya pili)

JIBU: Bado. Jaribu mahali padogo ndani ya mlango kwa kitambaa laini na dawa ya kusafishia rangi isiyo na mchanga. Kitambaa kikichukua rangi kidogo na chini yake pang'ae, endelea polepole, ukiacha kingo za bodi mwisho kwa sababu hapo ndipo rangi huwa nyembamba zaidi. Usipige msasa mkavu. Rangi za miaka hiyo na viraka vya bodi vina madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu. Pale bati linapoonekana, paka nta na uliache lilivyo.